Kondoo Niliyempeleka Haltom City

Watu wakisikia nilikuwa mwanariadha hukaa wima kwenye kiti, halafu wanauliza nilishinda nini. Hapo mazungumzo hupoa. Nilikimbia mbio za kuruka viunzi na maji, nikivaa fulana ya timu ya askari magereza, na mimi ndiye yule wa nne. Daima kuna wa nne. Wa kwanza anapewa kikombe, wa pili na wa tatu wanapigwa picha, wa nne anaombwa asogee kidogo asiharibu picha. Siku moja nilianguka majini mbele ya wakubwa wa serikali, nikatoka bila kiatu kimoja, nikamaliza hivyo hivyo. Wa nne. Kwa hiyo kiatu hakikunipunguzia chochote.

Shule sikukaa sana. Ng'ombe wa baba walikuwa wengi kuliko wana wa baba, na mtu lazima awe nyuma ya ng'ombe. Nikatoka kwa ng'ombe nikaenda kwa mbio, nikatoka kwa mbio nikarudi kwa ng'ombe, na goti langu la kushoto likakataa kazi zote mbili. Ndipo binti yetu, muuguzi huku Texas, akatuita mimi na mama yake tuje tupumzike. Kupumzika! Mumewe alikuwa amenunua ekari kadhaa magharibi ya Fort Worth, na huku ukiweka mifugo kwenye ardhi serikali inakulegezea kodi. Sijamaliza hata kutoa nguo kwenye sanduku, mkwe wangu ananionyesha ua. "Baba, wewe si unajua mambo ya mbuzi?" Nimepanda ndege tatu kuja Amerika kuchunga.

Sisemi nililalamika. Nililalamika kwa mdomo tu. Asubuhi ya kwanza nilipofungulia wale mbuzi, niliwapigia mluzi wa nyumbani, na wakageuka wote. Mbuzi wa Texas! Hawajawahi kuona mlima, lakini mluzi waliuelewa. Mama watoto alikuwa dirishani na kikombe chake cha chai, akasema, "Afadhali kuna mtu anakusikiliza katika nchi hii."

Sasa siasa. Hatuna kata wala jimbo la uchaguzi huku, lakini tuna umoja wetu, wa watu wa Afrika Mashariki na Kati wa upande wa Dallas na Fort Worth pamoja na Houston. Ni eneo kubwa. Kutoka kwangu hadi Houston unaendesha gari hadi unasahau ulikuwa unakwenda kumuona nani. Kuna Wakenya, wauguzi wengi na watu wa ofisi. Kuna Watanzania wachache wenye heshima zao. Kuna Wakongo, na kuna Warundi, ambao wengi wanakaa Haltom City na wanafanya kazi kwenye maghala na hoteli. Umoja una mwenyekiti, na mwenyekiti tangu nilipofika alikuwa bwana mmoja wa Sugar Land, karibu na Houston, muuza nyumba, mtu wa suti na meno mazuri. Si mtu mbaya. Akikuamkia unajisikia kama nyumba inayokaribia kununuliwa.

Huyu bwana akatangaza kwamba akichaguliwa tena, siku ya michezo itahamia Houston moja kwa moja.

Hapo ndipo aliponigusa. Siku ya michezo tulikuwa tunafanyia Grand Prairie, kwenye bustani moja yenye nyasi nzuri, katikati ya watu wetu wote wa upande huu. Mara moja kwa mwaka. Na mbio za watoto zilikuwa zangu: mimi ndiye mwenye filimbi. Wajukuu zangu nikiwasemesha Kiswahili nyumbani wananijibu Kiingereza, tena kwa upole, kama mtu anayemjibu mgonjwa. Lakini siku ile nikipiga kelele "Kimbia! Inua magoti!" wanainua magoti. Mwaka mzima nangoja siku hiyo moja wanielewe. Sasa uniambie muuguzi aliyetoka zamu apakie watoto awapeleke Houston wakakimbie kidogo halafu awarudishe? Hawaendi. Siku ya michezo ikienda Houston, watoto wa huku hawakimbii tena, na mimi nabaki na filimbi.

Nikayasema hayo kwenye mkutano wa Grand Prairie, kwa hasira kidogo. Mama mmoja muuguzi, mkubwa wa mwili na wa sauti, akasimama. "Basi wania wewe, Mzee! Sisi wote tuko kazini. Wewe una muda."

Hizo ndizo sifa zangu za uongozi. Nina muda.

Yule mama akajifanya meneja wangu wa kampeni siku hiyo hiyo. Nitamwita Meneja, maana ukimwita vingine haitiki. Akanieleza hesabu ya kisiasa: Houston watampigia mtu wao, Wakenya wa huku watanipigia mimi wale ambao hawako zamu, na Wakongo watagawanyika kwa sababu wanapenda kugawanyika. Wenye uamuzi ni Warundi wa Haltom City. Wao wakitoka misa wamekubaliana, wamekubaliana.

"Unawajua?" akaniuliza.

"Nawaona kwenye michezo. Watoto wao wanakimbia vizuri."

"Basi twende tukawasalimie. Usiende mikono mitupu."

Mkwe wangu akasema niandike sera. Nikamwambia sera ninayo, iko zizini. Nilikuwa na kondoo dume aliyenona hadi alikuwa akitembea kama mkuu wa wilaya. Kwetu Bonde la Ufa, mgeni wa kawaida unamchinjia kuku. Mgeni unayemheshimu, mbuzi. Lakini yule unayetaka akukumbuke hadi kaburini, huyo unamchinjia kondoo, tena dume, na mafuta yake unamimina juu ya nyama mbele ya macho yake, ajue hukumbania.

Mama watoto alikuwa anakata vitunguu. "Umewauliza wanapenda nini?"

"Nyama inaulizwa?"

"Mimi nimeuliza tu."

"Wewe unauliza kama mpinzani."

Akanyamaza. Huyu mwanamke akinyamaza, mtu mwenye akili anakaa chini na kufikiri. Mimi nikaenda kunoa kisu.

Jumapili tukafika Haltom City, mimi na Meneja, kwenye pikapu ya mkwe wangu, sufuria na trei za nyama nyuma zimefunikwa kwa karatasi ya foili. Misa ilikuwa imekwisha, watu wako kwenye ukumbi wa pembeni. Wakatupokea vizuri mno. Kiswahili chao, nikwambie ukweli, ni kizuri kuliko changu; wengi walikulia kwenye kambi za wakimbizi upande wa Kigoma, na wanasema "naomba" na "tafadhali" pale ambapo mimi nasema "leta". Wakaimba wimbo wa kutukaribisha. Mzee mmoja mwenye koti jeusi, katekista wao, akaomba sala ndefu ya kubariki chakula, akaibariki na nyama yangu humo humo. Mimi nimefumba macho nahesabu kura.

Tukapakua. Kulikuwa na wali, maharage, ndizi za kupika, na sombe ya majani ya muhogo. Na katikati ya meza, kama bwana harusi, trei zangu.

Mstari ukaenda. Wali ukachotwa. Maharage yakachotwa. Kila aliyefika kwenye trei zangu alizitazama, akainamisha kichwa kidogo kama anapita mbele ya altare, akaenda kwenye ndizi.

"Wana haya," nikamnong'oneza Meneja.

"Wana haya gani? Yule kijana amerudi kwenye maharage mara ya tatu."

"Wanamwachia mgeni. Ni heshima."

Sasa mtu mwenye akili angekaa. Mimi nikachukua kijiko kikubwa, nikaanza kupita meza kwa meza nikiwawekea wazee nyama kwa mkono wangu mwenyewe. Mapande makubwa. Nikawamiminia na mafuta. Wakasema asante, kila mmoja, kwa upole wa ajabu, na wakashika sahani zao kama umewapa mtoto wa mtu mwingine. Nikarudi mbele nikatoa hotuba. Na hotuba yenyewe haikuhusu michezo, ilimhusu kondoo. Nikawaeleza alivyozaliwa, alivyomnyonya mama yake, alivyokuwa ananifuata nyuma asubuhi akigusa mkono wangu kwa pua. Nilitaka wajue sikuwaletea nyama ya dukani. Kadiri ninavyomsifu ndivyo nyuso zinavyozidi kushuka. Katekista alikuwa anatazama sahani yake kama mtu anayesoma barua ya msiba. Aliyekuwa anakula ni Meneja peke yake, na alikula kwa niaba ya kijiji kizima.

Nilipomaliza, mama mmoja mzee, kiongozi wa kwaya, mwembamba, kitambaa cheupe kichwani, akanishika kiwiko akanivuta hadi kwenye mlango wa jikoni.

"Baba, samahani. Huyu mnyama ni kondoo?"

"Ndiyo, mama. Dume."

"Sisi wazee wa Burundi kondoo hatumli."

"Ni mwiko wa kanisa?"

"Kanisa halina neno. Ni sisi. Kondoo ni mpole, hana ugomvi. Kwetu alikuwa anatembea na ng'ombe ili ng'ombe watulie. Huyo ni mnyama wa amani, baba." Akanitazama, na nikaona mdomo unamcheza pembeni. "Na wewe umesimama hapo unatusimulia jinsi alivyokuwa anakupenda."

Nikaona bora ardhi ya Haltom City ipasuke. "Mbona hamkuniambia tangu mwanzo?"

"Tukuambie vipi? Katekista alikuwa ameshambariki. Tukafikiri tumwache Mungu atafute njia."

Halafu akasema lililonikaa. Alilisema bila hasira, akifuta mikono kwa kitambaa. "Ninyi mnakuja kwetu wakati wa kura tu. Miaka yote hii tumekaa meza moja siku ya michezo, hamjaona kwamba hatugusi kondoo wenu. Mwenyekiti wa Houston naye alituletea miavuli ina picha yake. Ukiifungua, yuko juu ya kichwa chako anacheka."

Ningeweza kuondoka. Meneja alikuwa tayari ameshika ufunguo wa gari mkononi na mfupa mkononi mwingine. Lakini nikarudi mbele, nikasimama, na sikuwa na hotuba yoyote. Nikasema, "Wazee wangu, nimekosea. Nimewaletea nyama bila kuwauliza, na mke wangu alinionya, na nikifika nyumbani itabidi nimwambie." Hapo akina mama wakacheka kidogo. "Kumbe ninyi ni watu wa ng'ombe. Mimi pia ni mtu wa ng'ombe. Ila ng'ombe niliye naye huku ananiaibisha. Mkwe wangu alinunua ng'ombe jike wa hawa wa Texas, pembe kutoka hapa mpaka pale." Nikanyoosha mikono. "Maziwa hana. Mlangoni hapiti. Kazi yake kung'oa ua. Nitampeleka mnadani mwezi ujao."

Vichwa vyote vikainuka kutoka kwenye sahani.

Katekista akaweka sahani chini. "Pembe zinakwenda juu au pembeni?"

"Zinaanza pembeni halafu zinapanda."

"Rangi?"

"Nyekundu iliyokolea. Tumboni ana weupe."

Wazee wakaanza kusemezana Kirundi, wote kwa pamoja. Mama wa kwaya akanitafsiria: "Wanauliza Jumapili ijayo uko nyumbani?"

Wakaja na magari sita au saba, sikumbuki. Wazee na suti zao za misa, viatu vimeng'aa, wanapita kwenye matope yangu bila kutazama chini. Nilikuwa nimewaandalia viti na soda. Hakuna aliyekaa. Walikwenda moja kwa moja hadi kwenye ua, wakasimama wamejipanga, na yule ng'ombe, ambaye mimi nilikuwa namwita majina siwezi kuyaandika hapa, akaacha kutafuna, akageuka upande, akatulia. Kama aliyekuwa anawangoja.

Mzee katekista akavua kofia. Akainua mikono yote miwili juu, vidole vimelegea, ikawa pembe. Akaanza kumsifu. Sikuelewa neno hata moja, lakini kusifu ng'ombe kunasikika kwa lugha yoyote. Sauti inakwenda haraka, inapanda, haivuti pumzi, halafu inakatika, na wengine wanaitikia. Wakainua mikono wote. Wazee wa ghala na wa hoteli, wanaobeba masanduku na kukunja mashuka wiki nzima, wamesimama Texas wana pembe. Mmoja alikuwa analia na wala hajifuti.

"Jina lake nani?" wakaniuliza.

Nikasema hana. Wakanitazama vibaya kuliko walivyonitazama siku ya kondoo. Wakampa jina papo hapo, refu, nami sikuweza kulitamka kabla sijafanya mazoezi na mama wa kwaya kwa muda.

Mama watoto alikuwa ametoka na chai ya maziwa. Akasimama karibu yangu. "Na huyu ulitaka kumpeleka wapi?"

"Nyamaza, mama."

"Nimeuliza tu."

Kabla hawajaondoka, mama wa kwaya aliniambia masharti. Ng'ombe haendi mnadani. Na siku ya michezo, ikibaki Grand Prairie, ng'ombe aje awepo, wazee wamsifu mbele ya watoto, kwa sababu watoto wao nao wanajibu Kiingereza. Nikakubali yote bila kufikiri, kama mwanasiasa.

Uchaguzi ulifanyika Sugar Land, kwenye ukumbi wenye zulia. Mwenyekiti akapendekeza tupige kura kwa simu. Wazee wakashika simu zao kama mtu aliyeokota kobe. Kelele zikawa nyingi, mtu anauliza nywila ni nini, mwingine ameshampigia kura mtu asiyekuwepo. Mwishowe bwana mmoja wa Nakuru akapaza sauti, "Turudi kwa mlolongo!" Yaani kila mgombea asimame, na watu wajipange nyuma yake, wahesabiwe. Kwetu mlolongo una historia yake mbaya sitaki kuianza hapa, lakini una uzuri mmoja: unaona.

Na niliona. Nyuma ya bwana wa Sugar Land mstari ulifika kwenye mlango, ukapinda. Nyuma yangu kulikuwa na mama watoto, Meneja, mkwe wangu, na wauguzi kadhaa wanaosinzia wamesimama. Binti yangu mwenyewe alikuwa zamu. Warundi hawajafika. Mabasi yao ya kanisa yalikuwa yamekwama kwenye msongamano kabla ya Houston.

"Mzee, tuhesabu?" mwenyekiti akaniuliza kwa upole, meno yote nje.

"Ngoja nifunge kamba ya kiatu," nikasema.

Nikainama. Nilifunga kiatu kile polepole kama mtu anayesuka kikapu. Nikafunga na cha pili. Meneja akasema kwa sauti, "Mzee ana goti, mpeni nafasi!" Mama watoto akaniinamia sikioni: "Viatu vyako havina kamba." Kweli havikuwa nazo. Nikaendelea kufunga.

Ndipo mlango ukafunguliwa, na tukasikia wimbo kabla ya kuona watu. Mama wa kwaya mbele, kitambaa cheupe. Akauliza, "Mstari wa ng'ombe ni upi?" Watu wa Houston wakatazamana. Meneja akainua mikono juu akaonyesha pembe, na ukumbi mzima wa Haltom City ukamiminika nyuma yangu hadi mstari ukakosa pa kupindia ukatokea jikoni.

Bwana wa Sugar Land akanipa mkono. "Mzee, umewaahidi nini?"

"Ng'ombe."

"Wote hawa?"

"Mmoja."

Basi nikawa mwenyekiti, na kazi yangu ya kwanza ikawa kwenda kuomba bustani ya Grand Prairie. Mama wa ofisi ya bustani alikuwa mzuri sana, akatupa nyasi, akatupa vyoo, akatupa na kivuli. Nikamwambia na kuhusu ng'ombe. Akauliza ana ukubwa gani. Nikanyoosha mikono. Akafunga faili.

Nilimwendea mama wa kwaya kumwambia, nikiwa nimetayarisha maneno yote ya kujitetea. Akanisikiliza hadi mwisho. "Wewe lete watoto," akasema. "Pembe tunazo."

Siku ikafika. Watoto wamejipanga, wa Haltom City, wa Grand Prairie, hata wachache wa Houston, na wajukuu zangu wawili katikati. Wazee wa Kirundi walisimama kando ya njia kuanzia mwanzo hadi kwenye utepe, suti zao na jua lile, wameinua mikono yote, na katekista akaanza kusifu kwa sauti ile isiyovuta pumzi, akimtaja ng'ombe wangu kwa lile jina refu. Nikapiga filimbi.

Wakatoka kwa kasi nzuri. Halafu mtoto wa mbele akawatazama wazee, akainua mikono naye. Wa pili akaona. Wa tatu. Kufika katikati ya njia watoto wote wana pembe, wanacheka, wanayumba, hakuna anayekimbia kama mtu mwenye akili. Mjukuu wangu alipokuwa anapita mbele yangu alikuwa anapiga kelele lile jina la ng'ombe, lote, bila kukosea, na mimi nimetoa filimbi mdomoni nawakimbilia pembeni na goti langu bovu:

"Mikono chini! Inueni magoti! Magoti, nimesema, si mikono!"

Hakuna aliyenisikiliza.